Mmisri Aliyekula Kila Mahali

Tangu turudi kutoka Bukoba sijapika chapati hata moja kwa amani. Mtu anaagiza chai, anakunywa funda moja, halafu anauliza, "Mama Doto, Mmisri mmemwacha wapi?" Mmoja amesikia alifukuzwa. Mwingine amesikia alirogwa, mguu ukamkauka njiani. Juzi kondakta mmoja hapa stendi ya Buzuruga aliapa kwa jina la mama yake kwamba Mmisri alizama Busisi, na mimi niliyesafiri naye nimesimama mbele yake na mwiko mkononi. Basi nimeamua kuandika yote mara moja. Atakayeuliza tena atapewa haya asome, chai yake ipoe.

Kwa wasionijua, mimi ni mama ntilie wa hapa stendi, na pia ni mpishi wa timu ya kiwanda cha minofu kule Igoma. Timu kuwa na mpishi si fahari, ni woga. Timu yetu ikienda ugenini haili cha mwenyeji. Chakula kinatoka nyumbani, maji yanatoka nyumbani, hata chumvi. "Mtu akitaka kukuloga atapitia wapi kama si mdomoni?" ndivyo anavyosema Mzee Lubango, mwenyekiti wa kamati, na sijaona kocha aliyethubutu kumbishia. Kwa hiyo timu ikisafiri, mimi na sufuria zangu tunasafiri.

Huyo Mmisri, jina lake Hamdi, alikuja Mwanza kwa ndege ya minofu. Wengi mnadhani ni utani. Ndege zinazokuja kuchukua samaki huja tupu, na moja ilikuja na fundi wa majokofu ya kiwandani pamoja na shemeji yake, mtu mrefu, nywele zimeanza kumuaga kwaheri, aliyekuja kutembea tu. Jioni moja shemeji huyo akasimama kuangalia mazoezi yetu. Mpira ukamfuata nje ya mstari, akautuliza kwa kisigino, akaurudisha hadi miguuni mwa Masanja, nahodha wetu, aliyekuwa upande wa pili wa uwanja. Masanja hakulazimika hata kusogea. Bosi aliona. Siku hizi za ruksa, biashara imefunguliwa, mwenye kiwanda akitaka kitu anakipata, na haukupita muda shemeji wa fundi akawa namba kumi wetu, kiungo mshambuliaji.

Mwanzoni watu walipanda ukuta kumwona. Kisha wakamchoka. Hamdi alikuwa hakimbii. Anasimama katikati, mkono kiunoni, anaangalia, kama mtu anayesubiri basi. Vijana wakampa jina la Mtalii. Mwalimu Petro, kocha wetu, akawa anamtoa kila mechi kabla haijaisha. Mwisho Bosi akatangaza mbele ya wote kwamba Bukoba ndiko kwa kumpimia: tukishinda tunapanda daraja, na Hamdi asipofanya kitu, anapanda ndege. Hamdi alikuwa anakielewa Kiswahili kuliko walivyodhani. Aliinamisha kichwa akafunga kamba za viatu.

Igoma hadi Kigongo

Mwenye akili zake anakwenda Bukoba kwa meli. Anapanda Mwanza, analala, anaamka Bukoba. Sisi tulizunguka ziwa kwa gari, maana Mzee Lubango alisema wenyeji watatusubiri bandarini na vitu vyao. "Mji wa ugenini unauingia kwa mlango ambao hawakutegemei," akasema. Kwamba mlango huo ni wa matope na ulikuwa msimu wa mvua, hilo halikumhusu.

Tuliondoka Igoma na magari mawili. Basi dogo la kiwanda lilibeba wachezaji, Mwalimu Petro na Mzee Lubango. Pikapu nyuma ilibeba mchele, maharage, dagaa, madumu ya maji na sufuria zangu. Mimi kwa kawaida hupanda pikapu, nikae na mali yangu. Siku hiyo dereva wa pikapu alikuwa amemweka mkewe kiti cha mbele, eti anakwenda kumsalimia mama yake Sengerema, na mimi sikuzaliwa kunyeshewa kwa ajili ya mama mkwe wa mtu. Nikapanda basi. Kiti kilichokuwa wazi ni kimoja tu, kando ya Hamdi, kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa naye.

Hamdi alikuwa na heshima mpaka inapitiliza. Shemeji yake alimfundisha kwamba salamu nzuri ya Tanzania ni shikamoo, basi, akaigawa kwa kila mtu. Tulipoteremka Usagara kununua betri za redio, akawaamkia watoto wa shule waliokuwa wanauza mahindi. "Shikamoo," akasema, ameinama na mikono kifuani. Wale watoto wakatazamana, halafu mmoja akajibu "marahaba" kwa sauti nzito kama ya diwani. Nikamwambia, "Baba, shikamoo inapanda, haishuki." Akafikiri kidogo. "Lakini walifurahi," akasema.

Kigongo hadi Busisi

Kigongo tulikuta foleni ndefu. Pantoni ilikuja, basi letu likaingia, na pikapu ilikuwa inafuata kabisa, magurudumu ya mbele yakiligusa bati, ndipo likatokea kundi la ng'ombe na mwenye ng'ombe aliyekuwa na fimbo na haraka. Ng'ombe hawajui foleni. Waliingia tu, wakajaa, wengine wakalamba vioo vya basi letu, na mtu wa pantoni akafunga mnyororo. Nikaziona sufuria zangu zinabaki. Dereva wa pikapu akanipungia mkono kana kwamba naenda kusoma Ulaya.

Nikajipa moyo kwamba watavuka safari inayofuata. Tukafika Busisi, ng'ombe wakashuka, sisi tukashuka, na pantoni ikakohoa, ikatoa moshi, ikazima. Fundi akaingia chini, akatoka na uso wa mafuta, akasema kuna kifaa kimekatika na kingine kitatoka Mwanza mjini. Mwalimu Petro akamuuliza Mwanza iko upande gani. Fundi akaonyesha ng'ambo. "Na kitavushwa na nini?" Fundi akasema hilo nalo ni swali.

Nikashauri tuvushe chakula kwa mtumbwi. Mitumbwi ilikuwepo, wenyewe wanatuita. Mzee Lubango akatikisa kichwa. "Mayu," akaniambia, kwa ile sauti ya kumwita mtu mama huku unamkatalia, "chakula kikipita mikononi mwa watu tusiowajua si cha nyumbani tena." Basi tukakaa Busisi kumsubiri fundi, chakula chetu tunakiona kwa macho.

Hamdi aliteremka mpaka majini, akatia mkono, akanawa uso. "Maji haya yanakwenda kwetu," akaniambia. "Mimi nimepanda ndege, yenyewe yanatembea." Nikamuuliza kama yanafika salama kuliko sufuria zangu. Akacheka, tukakaa juu ya jiwe, ndipo akanihadithia. Nilikuwa nimempikia muda wote ule na sikuwahi kumuuliza alikotoka. Mtu ukimpikia unadhani unamjua.

Alizaliwa mji mdogo wa Delta, kule Nile inakoingia baharini. Walicheza barabarani kwa mpira wa soksi zilizojazwa matambara, kama vijana wetu na mipira yao ya makaratasi. Timu kubwa ya Kairo ikamchukua bado ndevu hazijaota. Mama yake hakuwahi kukanyaga uwanjani. Alisikiliza redio jikoni, na jina la mwanawe likitajwa anagonga sufuria kwa kijiko, mpaka majirani wakajua matokeo kwa kuhesabu kelele. Namba kumi aliivaa akiwa kijana kuliko wote. Watu waliimba jina lake. Aliitwa timu ya taifa, akakaa benchi, akaitwa tena. Kabla ya mechi hiyo ya pili, beki mmoja wa timu ndogo tu alimwangukia gotini.

"Nilitoka kwa machela," akasema. "Watu wanapiga makofi. Nikafikiri, nitarudi baada ya muda kidogo."

Goti lilirudi lakini nafasi haikurudi, ilishakaliwa na kijana mwingine. Akashuka daraja, akashuka tena, akacheza miji ya mfereji wa Suez, akacheza timu ya kiwanda cha sukari, mwisho akawa anauza vigae dukani kwa kaka yake, na Ijumaa anacheza na wauza matunda.

"Mimi sikuacha mpira, Mama. Mpira uliniacha. Sikuaga mtu. Nikifukuzwa hapa, utakuwa umeniacha mara mbili."

"Sasa unataka nini?"

"Mechi moja nzima. Mpaka filimbi. Nitoke kwa miguu yangu, halafu niseme kwaheri mimi."

Nilisikia uchungu, sifichi. Nikamtazama mtu mzima yule anayeombea kitu kidogo namna ile, na huku Mwalimu Petro kule kwenye basi anapanga nani ataingia badala ya Hamdi kipindi cha pili. Kabla sijasema neno honi ikapigwa. Wamekata shauri kuondoka bila pikapu.

Sengerema na Geita

Mpishi bila sufuria ni kama refa bila filimbi. Sengerema nilijaribu kuokoa kazi yangu. Nikamwambia Mzee Lubango ninunue maharage sokoni nipike mwenyewe. Akauliza, "Kwa sufuria ya nani?" Nikasema nitaazima. "Sufuria iliyopika kwa nani?" Nikaondoka mbele yake, maana ningejibu vibaya na yule ni mzee.

Ndipo kamati ikakaa ndani ya basi na kutoa hukumu. Soda inaruhusiwa, imefungwa kiwandani, hakuna mkono wa mtu. Biskuti za pakiti zinaruhusiwa, hasa hizi zinazotoka nje, maana mchawi wa Bukoba hawezi kufika huko. Ndizi mbivu zikaleta ubishi mrefu. Masanja alisema ndizi imefungwa na Mungu mwenyewe. Mzee akakubali ndizi, lakini za upande huu tu. Tukivuka Muleba, migomba yote ni ya wenyeji. Mayai ya kuchemsha yakakataliwa kwa sababu ya maji yake. Vijana wazima, wenye mapaja kama magogo, wakaanza kutafuna biskuti zile na soda ya machungwa.

Hamdi alishuka akaenda kibandani kwa mama mmoja, akaletewa sato wa kukaanga na ugali na pilipili ya kutwanga. Alikula yote, akalamba vidole, akamwamkia mama yule shikamoo, na safari hii alikuwa amepatia. Tulipofika Geita akala mchemsho wa kuku. Vijana walimwangalia kupitia vioo vya basi. Niliona koo zinapanda na kushuka.

"Hujaambiwa?" nikamuuliza aliporudi.

"Nimeambiwa. Mama, mimi nina goti moja na nusu. Nikiwa na njaa, nabaki na nini?"

Biharamulo

Barabara ya kutoka Geita sitaieleza. Ukishapita pale wakati wa mvua unaelewa kwa nini watu wanasali. Tulisukuma basi mpaka sikujua tena tunasafiri kwa gari au gari linasafiri kwa sisi. Biharamulo tukapata nyumba ya wageni, na jirani yake mtu anachoma nyama ya mbuzi, moshi wote unaelekea kwenye madirisha yetu, kama amelipwa na wenyeji.

Hamdi akauliza mbuzi kachinjwa na nani. Mchomaji akasema anayechinja ni Mwislamu, ndivyo ilivyo kwa wote pale, hata yeye Mkristo anamwachia mwenzake kisu. Hamdi akatulia, akavuta kiti. Na mimi, kwa kuwa sitaki unafiki, nikavuta changu. Sichezi namba yoyote. Anayetaka kuniroga ataroga chapati, na chapati zangu zimeshinda mengi. Tulikula nyama na mihogo ya kuchoma na kachumbari, Mzee Lubango ametusimamia mlangoni.

Asubuhi vijana waliamka wamepauka. Winga mmoja alivaa soksi mguu mmoja akakaa kupumzika kabla ya kuvaa wa pili. Nikamwendea Mwalimu Petro. "Mwalimu, hawa watacheza na nini leo jioni?" Akanijibu kwa unyonge, "Mama, nikiwalisha tukafungwa, watasema ni mimi. Nisipowalisha tukafungwa, watasema ni bahati mbaya." Yule si mjinga, na ndiyo maana nilimkasirikia zaidi.

Muleba hadi Bukoba

Mbele ya Muleba tairi ikapasuka, mbele ya nyumba yenye migomba mpaka kwenye kizingiti. Akatoka bibi mmoja, kanga mbili, mgongo umenyooka, akatukaribisha. Huko kwa Wahaya mgeni hasimami nje. Anaingia, anaketi, analetewa buni za kahawa zilizokaushwa azitafune, ndipo mazungumzo yanaanza. Kuzikataa ni sawa na kumwambia mwenye nyumba kwamba humwamini.

Mimi na Hamdi tukaingia. Vijana wote wakabaki ndani ya basi, vioo vimefungwa, jua linawaka, jasho linawatoka. Bibi akawachungulia, akarudi akiwa na huruma. "Mna msiba?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Wanapeleka maiti?" Nikamwambia hapana, ni wachezaji. Akashangaa zaidi.

Jina lake Ma Koku. Alileta buni katika kikapu kidogo cha majani, Hamdi akatafuna, akakunja uso kwa uchungu wake, akachukua nyingine. Zikaja ndizi zilizopikwa na maharage, wakaja na senene, wale panzi wa msimu, waliokaangwa, wanameremeta kwenye sahani. Nilidhani hapo atashindwa. "Nzige kwetu halali," akasema, akawala kama karanga. Ma Koku akafurahi mno, akamsogezea sahani yote.

"Na mnacheza na nani?" akauliza.

Nikamtajia timu.

"Aa, basi mtamwona mjukuu wangu. Anavaa namba nne. Jioni nami nitakuja."

Mzee Lubango alikuwa amekuja mpaka mlangoni kutuita, tairi ishabadilishwa. Alisikia neno hilo la mwisho. Nikamwona anavyorudi kinyumenyume, mkono kifuani. Tulipopanda basi, tayari habari zimefika. Mmisri amekula katika nyumba ya beki wao, kwa mkono wa bibi yake, tena siku ya mechi. Ameshikwa huyu. Masanja, ambaye ni mtu mwema na nyumbani kwake nimekula ubatizo wa wanawe, alisimama akasema bila kumtazama Hamdi, "Mpira usipite kwake leo. Ukipita kwake umepotea."

Hamdi aliniuliza amesema nini. Alikuwa ameelewa, alitaka kusikia kwamba amekosea. Kiungo mshambuliaji asiyepewa pasi ni mtu wa kawaida aliyevaa kaptura. Bora wangemwacha Busisi na ng'ombe.

Uwanjani

Tuliingia uwanjani kwa kuruka ukuta, kama ilivyo desturi yetu, maana kwenye geti huenda kumemwagwa dawa. Golikipa alishindwa kuruka mara ya kwanza kwa kukosa nguvu, ikabidi asukumwe.

Kipindi cha kwanza sitaki kukikumbuka. Vijana wetu walikimbia kidogo tu, halafu wakaanza kushika magoti. Hamdi alikuwa katikati, ananyoosha mkono, anaita. "Hapa. Hapa, Masanja." Mpira unapita kulia kwake, unapita kushoto, unarushwa juu ya kichwa chake. Yeye yuko peke yake, hakuna anayemkaba, hata wenyeji walishagundua kwamba si lazima. Mwishowe akaacha kuita. Wenyeji wakafunga kwa kona, bao rahisi, mabeki wetu hawakuruka kabisa.

Mapumziko, wachezaji wakalala kwenye nyasi kama dagaa walioanikwa. Mzee Lubango akazunguka anawanyunyizia maji ya nyumbani yaliyobaki kwenye chupa aliyotoka nayo Igoma. Mwalimu Petro akamwambia mchezaji wa akiba apashe mwili, ataingia mahali pa Hamdi. Hamdi alikuwa amekaa mbali, anajikanda goti. Alisikia. Akaanza kufungua kamba za kiatu polepole.

Mwanamke haingii kwenye duara la wachezaji, hasa siku ya mechi. Niliingia. Hasira zilinibeba, miguu yangu ilikuja baadaye.

"Masanja," nikasema, "umekula nini tangu Busisi?"

"Biskuti, mama."

"Na wewe? Na wewe? Biskuti. Timu nzima ina njaa, mmoja tu ndiye aliyekula, naye ndiye mnayemnyima mpira. Kama amerogwa, mbona amekaa wima na ninyi mmelala? Mimi nimekula naye kila sahani. Nitazameni. Nimekauka wapi?"

Mzee Lubango akasema, "Mayu, toka humo." Nikamwambia, "Shikamoo mzee, nitatoka nikimaliza." Nikawageukia wale vijana, nikasema kwa upole zaidi, maana ni wanangu na nilikuwa naona huruma. "Hamna miguu ya kukimbia na mpira. Basi mpeni mwenye miguu."

Masanja alijiinua kwa kiwiko. Alimtazama Hamdi, akautazama uwanja, mrefu kama barabara ya Geita.

"Mwalimu, mwache Mmisri," akasema. "Mimi nikiupata nampa. Si kwamba naamini. Nimechoka."

Mwalimu Petro akamrudisha yule wa akiba. Hamdi akafunga tena kamba.

Jamani, laiti mngeona. Mpira wa kwanza kupewa aliupokea kwa kifua, akageuka, akampiga kanzu mjukuu wa Ma Koku, mpira ukapita juu ya kichwa cha kijana wa watu naye akawa anautafuta nyuma kama kuku anayetafuta vifaranga. Watu wakasimama. Kuanzia hapo kila mpira ulikwenda kwake, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuubeba. Na yule aliyekuwa hakimbii akakimbia. Nilielewa siku hiyo kwamba zamani alikuwa akisimama kusubiri pasi wasizompa. Akampenyezea winga wetu, yule wa soksi moja, pasi iliyopita kati ya watu watatu, winga akaweka mguu tu. Tukasawazisha, moja kwa moja.

Goti lilianza kumwuma. Alichechemea, akikanyaga kwa ncha. Mwalimu Petro akasimama mstarini, mkono juu, kumwita atoke. Hamdi alimtazama, hakubisha, akaanza kuja. Masanja akatoka nyuma kabisa, anatembea, akamshika begani na kumgeuza. "Mwalimu," akaita, "mwache amalize." Kocha akashusha mkono.

Tukapata kona. Masanja akapanda mbele kwa ajili ya kichwa, kona ikaokolewa, wote wakarudi nyuma isipokuwa yeye. Hakuwa na nguvu za kurudi. Alibaki pale karibu na goli, mikono magotini, anahema. Hamdi akaunasa mpira pembeni, akaingia nao mpaka mstari wa mwisho, kipa akamjia. Nilijua atapiga. Mtu aliyengoja miaka yote ile, goli liko wazi, nani asingepiga? Akaurudisha nyuma polepole mpaka kwa Masanja, naye akausukuma wavuni kwa goti, akaanguka nao. Wenyeji wakadai ameotea. Refa akaonyesha katikati; mpira ulirudishwa nyuma, hakuna kuotea hapo.

Filimbi ilipolia, Hamdi alisimama katikati ya uwanja, akaangalia pande zote, taratibu. Vijana wakamkimbilia kumbeba. Akawakatalia. Alitoka anatembea, anachechemea, hatua kwa hatua, na watu wa Bukoba, ambao timu yao tumeitoa kamasi, wakampigia makofi. Ma Koku alisimama na mwavuli wake. Kwenye mstari Hamdi akasimama kidogo, halafu akauvuka.

Mwalimu Petro akamkumbatia. "Bosi atakuongeza mwaka mzima. Mimi mwenyewe nitamwambia."

"Asante, Mwalimu," akasema Hamdi. "Mimi nimemaliza."

Mwalimu alidhani hajaelewa, akarudia. Hamdi naye akarudia. Alikuwa analia na anacheka, na mimi vilevile, kanga yote imelowa.

Jioni hiyo wenyeji walituandalia chakula, kama wanavyoandalia kila mgeni na kila mgeni anavyokataa. Masanja ndiye aliyekaa wa kwanza. Hakunawa hata vizuri. Sijaona watu wanakula vile tangu nianze kupika. Mzee Lubango alisimama mlangoni mpaka sahani ya pili, kisha akasema mechi imekwisha, kwa hiyo na uchawi wake umekwisha, akavuta kiti. Mpira aliochezea tulimpa Hamdi, na alimpa mjukuu wa Ma Koku.

Stendi ya Bukoba

Siku iliyofuata sisi tulirudi kwa meli, basi tukamwachia dereva, hatukuwa na wa kumwogopa bandarini. Hamdi alichukua njia nyingine, basi la Mutukula, avuke Uganda na kupanda ndege Entebe. Kwa hiyo hakufukuzwa, hakurogwa na hakuzama. Tulimsindikiza wote stendi, mimi nimemfungia ndizi na nyama kwenye jani. Alimuaga kila mchezaji kwa jina. Kwangu aliinama, mikono kifuani, akasema shikamoo, nikaitikia kwa haki.

Alipokuwa anapanda, mpiga debe mmoja akamtazama kwa kumfananisha. "Mzee, wewe si yule mchezaji wa jana?"

Hamdi akageuka mlangoni. "Nilikuwa mchezaji," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, akaingia kutafuta kiti.